Bahari, Ziwa na Baharia: Historia ya Viwango vya Mafunzo ya Kujiokoa Ikitazamwa kutoka Songea

Jina la Mjimwema lajulikana mahali pawili katika Tanzania. Mjimwema ya kwanza iko Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, ukingoni mwa Bahari ya Hindi, na mkazi wake hutazama meli zikingoja zamu ya kuingia bandarini. Mjimwema ya pili ni kata ya mji wa Songea, mkoani Ruvuma, katika nyanda zilizoinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo njia ya magharibi hupita Mbinga, ikakata milima ya Wamatengo, ikashuka hadi Mbamba Bay katika Ziwa Nyasa, mwendo wa kilomita 170 hivi. Mabaharia wa meli zile zitazamwazo kutoka Mjimwema ya kwanza hutakiwa wawe na cheti cha mafunzo ya kujiokoa, kwa mujibu wa mkataba uliokubaliwa na karibu mataifa yote yenye meli. Msafiri atokaye Mjimwema ya pili akapanda chombo Mbamba Bay huchukuliwa na mabaharia ambao mkataba huo hauwahusu. Tofauti hii haikuletwa na ukali wa maji, wala na wingi wa abiria. Imeletwa na maana iliyopewa neno moja, nalo ni neno bahari.

Makala haya yafuata historia ya tofauti hiyo. Kwanza yataangaliwa maneno yenyewe, kisha namna baharia alivyofundishwa zamani, kisha misiba iliyolipata Ziwa Nyasa, kisha mkataba wa mwaka wa 1978 na mapengo yake, na mwisho sehemu ya lugha katika jambo hili. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iwahusuyo zaidi wataalamu wa Kiswahili, na ndiyo iliyosahauliwa zaidi.

I. Maneno

Neno bahari limetoka katika Kiarabu, na katika Kiarabu chenyewe maana yake ni pana. Bahr ni bahari ya chumvi, lakini pia ni mto mkubwa. Ndiyo sababu matawi ya Nili katika Sudani Kusini huitwa Bahr el-Jebel na Bahr el-Ghazal. Kiswahili kililipokea neno hili pwani, likabanwa na maji ya chumvi, kwa kuwa ndiyo maji makuu yaliyokuwa mbele ya macho ya wenyeji. Walakini neno baharia halikubanwa vivyo hivyo. Mswahili wa Kigoma, wa Mwanza, wa Kyela au wa Liuli husema baharia kwa mtu afanyaye kazi katika meli ya ziwa, wala hasikiki kuwa amekosea. Baharia kwa Kiswahili ni mtu wa kazi ya chombo, popote chombo kielepo.

Lugha za bara nazo zafuata njia hiyo hiyo. Nyasa, Nyanja na Nyanza ni maneno ndugu, na maana yake ni maji makuu. David Livingstone alipofika ziwani mwaka wa 1859 alilisikia neno la kawaida akaliandika kama jina la mahali, na tangu hapo ramani husema Ziwa Nyasa, yaani ziwa liitwalo ziwa. Katika Kinyanja, neno nyanja ni ziwa na ni bahari pia. Kwa wasemaji wa lugha hiyo waishio mwambao wa Ruvuma, kuuliza kama maji yaliyo mbele yao ni ziwa au bahari ni kuuliza swali lisilo na maneno mawili ya kulitenganisha.

Jina la upepo lathibitisha hayo. Upepo wa kusini-mashariki ambao pwani huitwa kusi, katika Ziwa Nyasa huitwa mwera. Huvuma kwa nguvu zaidi kati ya Mei na Agosti, ukapita juu ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550 na kina cha mita 700 hivi mahali pake pa chini kabisa. Kwa kuwa ziwa limelala kaskazini na kusini, mwera hupata uwanja mrefu wa kuyasukuma maji, na mawimbi yake huwa mafupi, yenye kusimama wima, yapigayo chombo kabla hakijainuka kutoka wimbi la kwanza. Mtu aliyetupwa katika maji hayo hana faida yoyote kwa kuwa yapo bara.

II. Chuo cha jahazini

Zamani baharia wa pwani hakuwa na cheti. Alipanda chomboni akiwa mtoto, akapika, akateka maji, akakumba ngama, akajifunza kutweka na kutua tanga, na baada ya miaka mingi mwenye akili akawa sarahangi au nahodha. Maneno yenyewe yaonyesha mahali elimu hiyo ilikotoka: nahodha na sarahangi ni ya Kiajemi, rubani ni la Kiarabu, mtumbwi ni la Kibantu. Elimu ya juu ya mabaharia wa Bahari ya Hindi iliandikwa, kama ijulikanavyo kwa vitabu vya Ahmad ibn Majid wa karne ya 15. Lakini kwa baharia wa kawaida wa Lamu, Unguja au Kilwa elimu ilikaa mikononi na mdomoni. Mtaalamu wa Kiholanzi A. H. J. Prins, katika kitabu chake juu ya Lamu kilichotolewa mwaka wa 1965, alieleza kwa urefu maisha na utaratibu wa kazi hiyo.

Elimu hiyo haikuwa duni, ila salama yake ilitegemea zaidi kuikwepa hatari. Baharia alijua majira ya kaskazi na ya kusi, alijua wakati wa kupandisha chombo pwani kikapakwa deheni na sifa, na alijua miamba iliyofichwa na maji makuu. Chombo kilipoelemewa, dawa ilikuwa kutosa shehena. Kamusi za zamani, kama ile ya Krapf ya mwaka wa 1882 na ile ya Sacleux ya mwaka wa 1939, zimejaa maneno ya matanga, kamba, mbao na pepo. Msomaji azipitiapo kutafuta maneno ya kumwokoa mtu akiisha kuwa majini, hupata machache. Hii si aibu kwa mabaharia wa kale. Mahali popote ulimwenguni, kabla ya karne ya 20, mafunzo ya kujiokoa hayakuwa somo. Mabaharia wengi wa Ulaya wenyewe hawakujua kuogelea.

Mithali ya Kiswahili yasema kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Mithali hii ni picha sahihi ya mtu asiyefundishwa. Mafunzo ya leo humfundisha kinyume chake: atulie, akunje magoti kifuani ili asipoteze joto, asiogelee isipokuwa lipo jambo la karibu la kuliogelea, na akae pamoja na wenziwe. Kati ya kutapatapa na kutulia ndimo ilimo tofauti ya asiyefundishwa na aliyefundishwa, na tofauti hiyo haiji kwa uzoefu wa miaka, kwani mtu huzama mara moja tu.

III. Misiba ya Ziwa Nyasa

Meli ya kwanza ya mvuke katika Ziwa Nyasa ilikuwa Ilala, iliyoletwa mwaka wa 1875 na E. D. Young kwa ajili ya misheni ya Livingstonia. Misheni ya UMCA ikaleta Charles Janson mwaka wa 1885. Katika watu wa misheni hiyo alikuwamo Chauncy Maples, aliyeishi Masasi na kisha Likoma, mtu anayekumbukwa na wanaisimu kwa kazi zake juu ya Kimakua na Kiyao. Tarehe 2 Septemba, 1895, akiwa amekwisha kuwekwa kuwa askofu na akirudi kwenye kazi yake, mashua aliyopanda ilipinduliwa na dhoruba ziwani naye akafa maji. Meli ya misheni iliyoshushwa majini mwaka wa 1901 ikaitwa kwa jina lake, Chauncy Maples, nayo ilihudumu kwa miaka mingi ikiwa hospitali, kanisa na shule. Hivyo moja katika meli za kale zaidi za ziwa hilo lilibeba jina la mtu aliyezama ndani yake.

Wadachi nao walikuwa na meli yao, Hermann von Wissmann, na kituo chao cha matengenezo kilikuwa Sphinxhaven, mahali paitwapo leo Liuli, katika mkoa huu huu wa Ruvuma. Hapo, mwezi wa Agosti, 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia Wissmann ikiwa juu ya nchi kavu ikitengenezwa. Vitabu vya vita hulitaja tukio hilo mara nyingi kwa kuwa lilikuwa miongoni mwa mapigano ya kwanza ya majini ya vita ile.

Msiba mkubwa zaidi wa ziwa ulikuja wakati wa amani. Tarehe 30 Julai, 1946, kipindi cha mwera, meli mpya iitwayo Vipya ilipinduka katika dhoruba upande wa kaskazini-magharibi wa ziwa, na watu 145 wakafa. Vipya haikuwa mtumbwi wala mashua ya matanga. Ilikuwa meli ya chuma, iliyoundwa kwa elimu ya kisasa, yenye nahodha mwenye sifa. Uchanga wa chombo haukuwafaa abiria wake. Baada ya hapo ikaja Ilala ya pili, iliyoundwa Scotland mwaka wa 1949 na kuanza kazi mwaka wa 1951. Upande wa Tanzania zikafuata Iringa na Songea, na katika karne hii meli za mizigo Ruvuma na Njombe, kisha meli ya abiria na mizigo Mbeya II iliyoanza kazi mwaka wa 2021.

Yafaa ikumbukwe kwamba meli hizi si chombo pekee. Wingi wa safari za mwambao hufanywa kwa mitumbwi na mashua zenye mashine ndogo, zichukuazo dagaa, mihogo, saruji na watu pamoja. Katika historia iliyoandikwa misiba ya vyombo hivyo haina jina, kwa kuwa chombo chenyewe hakina jina.

IV. Mkataba na mipaka yake

Ulimwengu ulianza kukubaliana juu ya usalama wa meli baada ya Titanic kuzama mwaka wa 1912. Mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini ulitiwa sahihi mwaka wa 1914, ukafuatwa na mingine ya miaka ya 1929, 1948, 1960 na 1974. Mikataba hiyo ilishughulika zaidi na chombo: idadi ya mashua za kuokolea, taa, simu ya upepo, kuta za kuzuia maji. Mtu aliyetakiwa kuzishusha mashua hizo aliachiwa kila nchi imfundishe itakavyo. Meli ya mafuta Torrey Canyon ilipopanda mwamba karibu na Uingereza mwaka wa 1967, fikira zikaelekea kwa mtu, na mwaka wa 1978 ukapatikana Mkataba wa Kimataifa wa Viwango vya Mafunzo, Vyeti na Zamu kwa Mabaharia. Ulianza kutumika mwaka wa 1984, ukatengenezwa upya mwaka wa 1995, na tena Manila mwaka wa 2010.

Kwa kupatana kwa wakati, mwaka huo huo wa 1978 Tanzania ilianzisha Dar es Salaam kituo cha mafunzo ya ubaharia, ambacho kwa sheria ya mwaka wa 1991 kilikuwa Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Haja ilikuwapo tangu zamani. Kampuni ya pamoja ya meli ya Tanzania na Uchina ilianzishwa mwaka wa 1967, na nchi za Afrika Mashariki zilikuwa na shirika lao la meli tangu mwaka wa 1966 mpaka 1980. Meli hizo zilihitaji mabaharia ambao vyeti vyao vingekubaliwa katika bandari za ng'ambo.

Mkataba, kama ulivyo sasa, wamtaka kila baharia apate mafunzo ya msingi kabla hajapewa kazi melini: namna ya kujiokoa, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wa nafsi na wajibu kwa wenzake. Katika kujiokoa, baharia aonyeshe kwa vitendo kwamba aweza kuvaa jaketi la kuokolea, kuruka majini kutoka mahali pa juu bila kuumia, kukigeuza chelezo kilichopinduka, kuogelea akiwa na jaketi, kuelea bila jaketi, na kupanda chomboni kutoka majini. Tangu matengenezo ya Manila, atoe kila miaka 5 uthibitisho kwamba angali aweza. Kwa hakika hayo ni matakwa mema. Mapengo yamo katika mambo mawili.

Pengo la kwanza ni la watu waliotajwa. Kifungu cha pili cha mkataba chaeleza kwamba meli ya baharini ni ile isiyosafiri katika maji ya bara peke yake, wala katika maji yaliyokingwa au yaliyo karibu nayo. Kifungu cha tatu chaondoa manowari, vyombo vya uvuvi, vyombo vya anasa visivyofanya biashara, na meli za mbao zilizoundwa kwa namna ya kale. Maneno hayo yakipimwa kwa hali ya Afrika Mashariki, yaonekana kwamba yamewatoa nje baharia wa Ziwa Nyasa, wa Tanganyika na wa Victoria. Yamemtoa baharia wa jahazi na mashua. Na yamemtoa mvuvi. Mkataba mwingine juu ya wavuvi ulifanywa mwaka wa 1995, ukaanza kutumika mwaka wa 2012, lakini nao wahusu vyombo vya uvuvi vya baharini. Wanaobaki ndani ni mabaharia wa meli kubwa za chumvi, ambao katika jumla ya watu waishio kwa kazi ya maji katika nchi hizi ni wachache.

Haisemwi hapa kwamba waliotolewa hawana sheria. Tanzania ina Sheria ya Usafiri wa Meli ya mwaka wa 2003. Usimamizi wake ulikuwa wa SUMATRA, na tangu mwaka wa 2018 ni wa TASAC. Zanzibar ina mamlaka yake ya usafiri baharini tangu mwaka wa 2009. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga Sheria ya Usafiri wa Ziwa Victoria ya mwaka wa 2007. Lakini Ziwa Nyasa, ambalo mwambao wake umegawanywa kati ya Tanzania, Malawi na Msumbiji, halimo katika sheria hiyo ya Jumuiya. Kipimo cha chini kilichokubaliwa na ulimwengu hakilifikii, kwa hiyo kila nchi hujipimia yenyewe, na chombo kivukacho kutoka mwambao mmoja hadi mwingine huvuka pia kutoka kipimo hadi kipimo.

Pengo la pili ni la namna ya kufundisha. Mkataba wataja mambo ambayo mtu aweze kuyafanya, lakini hautaji saa za kufundishwa. Aghalabu mafunzo hufanywa katika bwawa la kuogelea, mchana, maji yakiwa yametulia na mwalimu akiwa ukingoni. Mwenye cheti ameruka kutoka ubao. Hajaruka kutoka ubavu wa meli iliyolala, usiku, katikati ya mamia ya watu wanaomshika. Cheti chake ni cha kweli, lakini kimethibitisha jambo dogo kuliko lile atakalotakiwa kulifanya.

V. Ushahidi wa miaka ya karibu

Tarehe 29 Aprili, 1994, kivuko cha Mtongwe kilipinduka katika bandari ya Mombasa, na watu 272 wakafa hatua chache kutoka nchi kavu. Maji ya bandari ndiyo yale ambayo sheria huyaita maji yaliyokingwa. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya Bukoba, iliyokusudiwa abiria 430, ilizama karibu na Mwanza katika Ziwa Victoria; hesabu za waliokufa hutofautiana, lakini ni mamia mengi, na wengine husema wafikia 1,000. Serikali iliunda Tume chini ya Jaji Robert Kisanga ichunguze. Jambo moja la siku ile limebaki katika kumbukumbu ya watu. Meli ilipokuwa imepinduka na tumbo lake likiwa juu ya maji, shimo lilitobolewa ili watu walio ndani watolewe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, nayo ikaenda chini.

Baada ya miaka 22, tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko Nyerere kilipinduka kati ya visiwa vya Ukerewe na Ukara, kilipokaribia kufika Bwisya. Kiliundwa kichukue watu 101. Waliokufa walizidi 220. Rais John Magufuli, akilihutubia taifa, alieleza kwamba nahodha hakuwamo chomboni na kwamba usukani ulikuwa mikononi mwa mtu asiyefundishwa kazi hiyo. Siku mbili baadaye fundi wa mitambo alitolewa akiwa hai kutoka mahali palipobakiwa na hewa ndani ya kivuko kilichopinduka. Mwaka wa 1996 hewa iliyofungwa ilitolewa kwa kutojua. Mwaka wa 2018 hewa hiyo hiyo ilimhifadhi mtu mpaka wazamiaji wakamfikia. Historia hizi mbili zikiwekwa pamoja zaonyesha kwamba kujiokoa na kuokoa ni elimu moja, na kwamba elimu hiyo yawafaa walio juu ya maji kama iwafaavyo walio chini.

Baharini nako misiba haikukoma. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa na watu wengi mno kuliko kipimo chake. Tarehe 18 Julai, 2012, Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Skagit ilikuwa imeundwa kwa vivuko vya jimbo la Washington, Marekani, kwa maji ya ghuba. Ilikutwa na kusi la Julai, mwezi uleule ambao Vipya ilikutwa na mwera.

Katika misiba hii yote sababu za kwanza ni wingi wa watu, uzito wa mizigo na ulegevu wa usimamizi. Mafunzo ya kujiokoa hayawezi kuponya hayo. Lakini baada ya chombo kuanza kulala, dakika zilizobaki ni za baharia, na hapo yote yategemea kama ajua la kusema na la kufanya.

VI. La kusema

Tarehe 7 Aprili, 1990, moto ulitokea katika meli Scandinavian Star kati ya Norway na Denmark, watu 159 wakafa. Ilionekana kwamba mabaharia na abiria hawakuwa na lugha moja, na mabaharia wenyewe kwa wenyewe hawakuelewana vema. Tangu hapo lugha ikahesabiwa kuwa chombo cha kuokolea. Mkataba wa mafunzo ukaongezwa sharti kwamba katika meli za abiria, waongozao watu wakati wa hatari wajue lugha ya abiria walio wengi katika njia ile. Mwaka wa 2001 Shirika la Kimataifa la Bahari likapitisha kitabu cha maneno sanifu ya mawasiliano baharini, kwa Kiingereza.

Katika njia za Unguja na Pemba, za Mwanza na Ukerewe, za Itungi na Mbamba Bay, lugha ya abiria walio wengi ni Kiswahili. Lakini hakuna orodha ya amri za hatari kwa Kiswahili iliyokubaliwa na pande zote, ikafundishwa kwa mabaharia na kusikiwa na abiria kwa namna moja. Vazi lile lile huitwa jaketi la kuokolea, jaketi okozi, au boya. Boya kwa mvuvi ni kielezi cha wavu. Kwa mtu wa bandari ni alama iliyotiwa nanga. Abiria atokaye milimani Mbinga, aliyeambiwa gizani avae boya, ana haki ya kutafuta kitu kingine.

Kiswahili hakikosi mali. Chelezo, kutokana na kuelea, lafaa kwa kile chombo chepesi kijazwacho hewa. Kuelea na kuogelea ni mambo mawili, na mkataba wayataka yote mawili. Kiswahili chayatenganisha bila taabu. Jitosa, ambalo siku hizi husikika zaidi katika habari za siasa, ni neno halisi la kuruka majini, nalo latofautiana na kuanguka kwa kuwa hufanywa kwa nia. Rubani amehamia angani, na pengine hatarudi. Kukumba, ngama, kuelemea, kupinduka, kupwelewa, yote ni maneno hai pwani, na mengine yamekwisha kufika ziwani. Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu lilipoundwa mwaka wa 1967, limesanifu istilahi za fani nyingi. Fani ya usalama wa majini yastahili kazi hiyo hiyo, ila kwa sharti moja ambalo fani nyingine hazina: kila amri iwe fupi, isifanane kwa sauti na amri nyingine, na ieleweke na mtu aliye katika hofu. Vua na vaa hutofautiana kwa irabu moja. Katika ghasia ya dhoruba tofauti hiyo ni ndogo mno, na amri ya kuvua viatu haifai kufuatana na amri ya kuvaa jaketi bila maneno ya kuzitenga.

Hitimisho

Yatokeapo kwamba sheria ya ulimwengu imemtenga baharia wa ziwa na baharia wa bahari, kosa si la ufundi peke yake. Ni kosa la kufasili. Waliotunga mkataba walifikiri kwa lugha ambazo ndani yake maji ya bara ni mito na mifereji ya kupita mashua tulivu. Wasemaji wa Kiswahili, Kinyanja na Kisukuma walikwisha kujua kwamba maji makuu ni maji makuu. Njia ya kurekebisha iko karibu: nchi zenye maziwa zaweza, kwa sheria zao wenyewe na kwa makubaliano kati yao, kuyachukua mafunzo ya msingi ya mkataba na kuyafanya sharti kwa kila chombo kichukuacho abiria kwa nauli, kiwe cha chuma au cha mbao, cha chumvi au cha maji baridi. Kwa Ziwa Nyasa makubaliano hayo yahitaji nchi tatu. Mafunzo yenyewe yafanywe pia katika maji ya ziwa, majira ya mwera yakiwamo, na kwa amri za Kiswahili zilizosanifiwa.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea jua vimeundwa. Husemwa kwa vyombo, nayo ni kweli kwa watu vilevile. Mtu aeleaye katika mawimbi akangoja mashua kwa utulivu, ameundwa na mafunzo aliyoyapata kabla ya siku ile, kwa lugha aliyoifahamu.